Marehemu Anayefuma Masweta

Fransiska alifariki siku ya Jumanne asubuhi, akiwa ameketi mbele yangu anakula kiazi cha kuchemsha. Nilikuwepo, ndiyo maana nasema. Kiazi alikuwa amekiweka juu ya mashine yake ya kufumia, anakimenya kwa kucha, na mkono wa pili umeshika simu. Akabonyeza, akabonyeza tena, akaipigapiga simu kwenye paja, kisha akaniuliza:

"Mama Rose, hivi mtandao umewagomea wote au mimi tu?"

Nikafungua simu yangu. Watu walikuwa wanatupia picha zao kama kawaida. "Ni wewe tu," nikamwambia. "Maliza kiazi tufanye kazi."

Hakumaliza. Kile kiazi kilikaa pale mpaka jioni kikakauka, na hapo ndipo nilipojua kuwa jambo ni zito, kwa sababu Fransiska haachi chakula.

Mimi na yeye tunashirikiana frem moja ya duka nyuma ya soko, hapa Sumbawanga mjini. Mimi nashona sare za shule, yeye anafuma masweta. Mtu wa mikoa ya joto haelewi biashara ya masweta mpaka aje hapa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa umwingie kwenye kola asubuhi anapokwenda kazini. Mimi nimezaliwa Tukuyu, nilikuja huku nikijisifu kwamba baridi naijua. Wiki ya kwanza tu nilinunua sweta kwa Fransiska, na ndivyo tulivyojuana. Alinipima kwa macho, akasema, "Wewe mabega ya baba yako, makalio ya mama yako," akaanza kufuma. Lilinikaa vizuri mno hata nikashindwa kukasirika.

Ndivyo alivyo. Mwanamke wa Kasense, Mfipa wa kuzaliwa hapo hapo, mwenye umri wa kuitwa bibi na watoto wasio na adabu, na wa kuitwa dada na wanaume wenye shida. Mnene wa wastani, kicheko kinasikika mpaka kwenye mabanda ya nyanya. Aliwahi kuolewa na dereva wa malori. Yule dereva alikuwa na nyumba nyingine Tunduma, na mke ndani yake, na watoto ndani yake, na Fransiska aliyajua hayo yote siku mtoto mmojawapo alipopiga simu kumuulizia baba. Tangu hapo, mwanamume akimsalimia kwa upole uliozidi, yeye huangalia nyuma yake kama mke anakuja.

Bango hana. Kadi hana. Biashara yake yote ilikuwa ndani ya simu, kwenye ukurasa wake alioupa jina "Fransiska wa Kasense". Kila sweta likitoka kwenye mashine lilipigwa picha. Kwanza aliyavalisha kwenye kiti, halafu kwenye toroli, halafu siku moja akamvalisha mbuzi wa jirani sweta la bluu la shule ya msingi, likiwa na mistari miwili ya njano shingoni. Mbuzi yule aliangalia kamera kama mwalimu wa zamu. Watu walicheka mpaka Mpanda, na oda zikaja. Walimu wakuu wa Msanzi, wa Laela, wa Namanyere, wote walikuwa wanamtafuta huko huko ukurasani. Hakuna aliyekuwa na namba yake ya simu, kwa sababu namba hakuwa anatoa ovyo. Matapeli wamejaa, alisema, na dereva wake wa malori naye alianza kwa kuomba namba.

Na ni kwenye picha ya mbuzi ndipo alipojitokeza Cleophas.

Cleophas aliandika chini ya ile picha: "Sweta zuri, lakini huku kwetu Kabwe huyo mbuzi angeiva kabla ya Krismasi." Fransiska akamjibu kuwa Kabwe wakileta samaki yeye ataleta mbuzi. Basi, yakaanzia hapo. Ilikuwa imepita miaka kama miwili, na kila jioni, akishafunika mashine yake, Fransiska alikuwa anakaa kwenye ngazi ya frem anasikiliza ujumbe wa sauti kutoka ziwani. Mimi nilikuwa nasikia pia, kwa sababu simu yake ana tabia ya kuifungulia sauti yote. Nilikuwa naijua sauti ya Cleophas kuliko ya mchungaji wangu. Sauti nzito, ya polepole, yenye kokoto ndani yake. Alikuwa anatengeneza injini za boti pale Kabwe, ufukweni, na alikuwa anamweleza Fransiska mambo ya injini kwa namna ambayo sisi wanawake wawili wa masweta na sare tulijikuta tunamwonea huruma pampu ya mafuta.

Picha yake ilikuwa ya mwanamume amesimama mbele ya boti, kifua wazi, uso umegeukia jua. Picha nzuri. Mimi nilimwambia Fransiska picha nzuri hivyo ina walakini. Akaniambia nishone.

Tatizo la Cleophas lilikuwa moja tu: haji. Mwaka wa kwanza alisema atakuja ziwa likifungwa, ile miezi ambayo serikali inapumzisha samaki. Ziwa likafungwa, akasema sasa wavuvi wote wameleta injini zao, hawezi kuondoka. Likafunguliwa, akasema sasa injini zinaharibika kila siku. Ikaja Pasaka, akasema mvua, barabara. Fransiska naye alikuwa na sharti lake, kwamba namba ya simu atampa siku atakapomwona kwa macho yake mawili. Kwa hiyo walibaki hivyo, mmoja hatoi namba, mwingine haji, na katikati yao ule ukurasa. Nilimwambia, "Huyu ana mke." Akasema, "Najua unavyofikiri, na mimi nafikiri hivyo hivyo, lakini acha nifikiri taratibu."

Nilikuwa namtania, ila niliona. Alikuwa amempenda.

Sasa, mwezi wa sita bibi yake akafariki huko Kasense. Bibi mzaa baba, mzee hasa, amezaliwa enzi za Waingereza, amekufa usingizini baada ya kula ugali wake wote. Alikuwa anaitwa Fransiska, na huyu wetu alipewa jina hilo kwa sababu yake, ndivyo wanavyofanya. Bibi akawa anamwita mjukuu "mwenzangu", na mjukuu anamwita bibi "mwenzangu", na mtu mgeni akiwasikiliza haelewi nani ni nani. Tulikwenda kuzika. Tulilia kiasi, tulikula vizuri, tukaimba. Fransiska akafanya kile ambacho kila mtu hapa nchini anafanya akifiwa: akatoa picha yake kwenye ukurasa, akaweka ya marehemu, mshumaa pembeni, na maneno, "Pumzika kwa amani Fransiska. Kasense tutakukumbuka daima." Halafu akazima simu akakaa matanga.

Watu wakaja chini ya picha kwa mamia. Pumzika Fransiska. Tangulia Fransiska, nasi tuko njiani. Fransiska umetuachia pengo. Mwalimu mkuu wa Msanzi aliandika kwamba shule imepata pigo na kwamba masweta hayatakuwa kama zamani. Hapo mtu mwenye akili angeshtuka, lakini nani anasoma rambirambi zote?

Basi ile Jumanne tukaenda kwa Rahim. Rahim ni kijana wa familia ya wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini yeye alikataa saruji akafungua kibanda cha kutengeneza simu. Ana heshima sana. Akachukua simu ya Fransiska, akachokonoa, akaigeuza, akasoma. Akamwangalia Fransiska. Akasoma tena.

"Mama," akasema, "sijui nikuambieje. Hapa wanasema umefariki."

"Nani anasema?"

"Mtandao, mama. Wameugeuza ukurasa wako kuwa wa kumbukumbu. Ona, hapa juu ya jina lako wameandika wanakukumbuka. Ukurasa wa marehemu haufunguliwi na mtu. Hata ukiwa na neno la siri."

"Hata nikiwa ni mimi mwenyewe marehemu?"

Rahim akafikiri kwa dhati kabisa. "Hasa ukiwa ni wewe," akasema.

Fransiska akacheka kile kicheko chake mpaka watu wakageuka, halafu akaacha ghafla. "Cleophas," akasema. Hakusema oda, hakusema walimu wakuu. Alisema Cleophas, na uso ukamshuka.

Rahim akatoa ushauri wa kitaalamu, kwamba afungue ukurasa mwingine. Akamfungulia pale pale, "Fransiska wa Kasense Mpya", akampiga picha mbele ya kibanda akiwa ametabasamu kwa nguvu. Kabla ya jua kuzama walikuwa wameshamtukana. Huna aibu, marehemu hata hajapoa unatumia jina lake. Tapeli mkubwa wewe. Mungu anakuona. Mama mmoja wa Namanyere, mteja wake wa miaka, alimwandikia kwamba Fransiska wa kweli alikuwa mwembamba. Akamtumia Cleophas ujumbe: "Ni mimi, sijafa." Cleophas akajibu mara moja tu. Aliandika, "Mwogope Mungu," akamfungia milango asimwandikie tena. Na asubuhi yake ukurasa mpya nao ukaondolewa, kwa kuwa watu wema wengi waliuripoti kuwa unamwigiza marehemu.

Jioni ya Jumatano hiyo niliporudi nyumbani nilimkuta mume wangu amerudi kutoka Kalambo, alikokwenda kikazi kupima viwanja. Ambakisye ni mtumishi wa serikali upande wa ardhi, na ni mtu wa utaratibu. Hata chumvi anaiweka kwa utaratibu. Nikamsimulia kisa cha Fransiska huku nampakulia. Nikaona ameacha kutafuna.

"Ule ukurasa wenye picha ya bibi?" akauliza.

"Huo huo."

"Wenye mshumaa?"

"Ambakisye. Umefanya nini?"

Akaweka kijiko. Akanieleza kwamba akiwa kule Kalambo, jioni hana kazi, aliuona ukurasa una jina la bibi na picha ya bibi, na watu wanaomboleza. Akakumbuka kwamba kurasa za marehemu huwa zinaingiliwa na wahuni. Akaona ni vyema kuuhifadhi kwa heshima. Akawaandikia wenye mtandao, akaambatanisha picha ya ratiba ya mazishi ambayo ilikuwa bado kwenye simu yake. Walimjibu haraka sana, alisema, kwa masikitiko yote.

"Bibi wa watu," nikamwambia, "mwanamke aliyekuwa hajui kuwasha redio, wewe ulidhani ana ukurasa mtandaoni? Anauza masweta? Anavalisha mbuzi?"

"Niliona amejitahidi," akasema.

Sikumpakulia mara ya pili. Nilikasirika hasira ya kweli, ile ya kunyamaza, na anayenijua anajua kwamba nikinyamaza ni afadhali nyumba iungue.

Kesho yake alikuja mwenyewe kwenye frem, amevaa koti, akamwomba Fransiska radhi amesimama wima kama mbele ya mkuu wa idara. Fransiska akamsikiliza, akamwambia, "Shemeji, umeniua bila hata kunitania kwanza." Halafu wakaanza kazi ya kumfufua. Wakatuma picha ya kitambulisho chake cha taifa. Hakikukubaliwa, kwa kuwa kitambulisho hakina "wa Kasense". Wakampiga picha ameshika kitambulisho kidevuni. Ambakisye akaenda mbali zaidi, akamfuata mtendaji wa kata, akarudi na barua yenye mhuri kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wa Kasense, anafahamika, na yu hai. Ile barua tuliituma kwa shangwe. Jibu lilikuja kabla hatujakunja karatasi: "Tunakupa pole kwa kuondokewa na mpendwa wako. Tutaendelea kuitunza kumbukumbu yake."

Oda zilirudi polepole. Nilimwambia mwalimu wa Msanzi kwa simu yangu mwenyewe kuwa Fransiska yuko hapa anakunywa chai, akashukuru Mungu, akaulizia kama bei imebaki ile ile. Wengine walisikia sokoni. Biashara ilikuwa inachechemea lakini inatembea. Yeye ndiye aliyekuwa hatembei. Jioni alikuwa anafunika mashine, anakaa kwenye ngazi kwa mazoea, na simu kimya mkononi. Siku moja alifuma mkono mmoja wa sweta ukawa mrefu kuliko mwenzake, na hakuona mpaka nilipomwonyesha.

"Panda gari uende Kabwe," nikamwambia. "Fundi wa injini za boti, Cleophas. Ukishuka tu utaonyeshwa."

"Niende kumtafuta mwanamume ziwani? Nibishe hodi, afungue mke wake, nimwambie nini? Habari za asubuhi, mimi ni marehemu?"

"Basi tumtume mtu."

"Mama Rose, mtu asiyekuja kukuona ukiwa hai, ukifa ndiyo kabisa. Sasa hivi ameshasahau." Akasema kwa sauti ya mzaha, lakini akageuza uso, akajifanya anatafuta uzi. Nilitaka kumkumbatia, sikujua nianzie wapi, nikampa chai.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwake Kasense kumsaidia kupiga maharage. Ambakisye alikuja pia, bado alikuwa anatumikia kifungo chake. Tulitandika turubai uani, tukamwaga maharage makavu na maganda yake, tukashika fimbo. Ukipiga maharage unakuwa mtu wa vumbi. Fransiska alikuwa amejifunga kanga kuukuu, kitambaa cheusi cha msiba kichwani kimeshuka mpaka kwenye nyusi, uso umejaa vumbi kama amepakwa unga. Yule mwanamke wa kwenye picha, mwenye wigi na lipstiki, hata mimi nisingemdhania.

Mtu akapiga hodi uani.

Alikuwa mwanamume mfupi, mpana wa mabega, amevaa shati jeupe lililokunjamana kwa safari. Mkononi ameshika mfuko unaonuka samaki, migebuka ya kukausha. Nusu ya uso wake, upande wa kushoto, ilikuwa imeungua. Si juzi, zamani. Ngozi imevutika na kung'aa, na sikio limejikunja. Alikuwa amezoea kusimama kiubavu ili ule upande mwingine ndio uonekane.

"Habari za hapa," akasema. "Poleni na msiba. Nimeelekezwa hapa ndipo nyumbani kwa marehemu Fransiska."

Sauti nzito, ya polepole, yenye kokoto ndani yake.

Fimbo ya Fransiska ikabaki hewani. Niliona amemtambua, na alijua kwamba mimi nimemtambua. Nikafungua mdomo. Akanifinya mkono, finyo la kutoa machozi. Ambakisye, ambaye haijui ile sauti lakini anaujua wajibu wake, akaanza, "Ndugu, kuhusu hilo, kuna makosa kidogo ya ki—" Nikamkanyaga mguu.

"Ndipo hapa," Fransiska akasema, kwa kijisauti cha kizee alichokitoa sijui wapi. "Umetoka mbali, baba?"

"Kabwe. Nimechelewa, mama. Nilipopata habari nguvu ziliniisha, mpaka juzi ndipo nikaacha kila kitu, lakini gari liliharibika njiani, ikabidi nilitengeneze mwenyewe. Najua mmeshazika. Naomba tu mnionyeshe kaburi."

Ona mambo ya watu wa nchi hii. Krismasi haji, Pasaka haji, ukimwambia njoo tule atakuambia barabara. Lakini msiba! Kwa msiba mtu atashuka kwenye boti, atatengeneza basi la watu, atafika na samaki mkononi.

Fransiska akatangulia, ameinama kidogo, anakokota kandambili. Kaburi la bibi liko mwendo mfupi kutoka nyumbani, pembeni ya shamba la ulezi lililovunwa. Msalaba wa mbao, jina limeandikwa kwa rangi nyeusi: Fransiska. Chini yake mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Cleophas akausoma, akavua kofia, akapiga goti. Sisi tukasimama nyuma yake, Fransiska karibu zaidi, mimi na mume wangu kando. Wala hatukuwa na aibu, tulitega masikio.

Aliweka kiganja juu ya udongo. Halafu akaanza kuongea na lile kaburi kama alivyokuwa anaongea kwenye simu jioni.

"Fransiska, nimekuja. Najua nimechelewa. Nilipoiona ile picha yenye mshumaa nilishangaa. Kumbe ulikuwa bibi kizee. Zile za wigi zilikuwa za ujana wako. Ungeniambia tu, mimi nisingejali. Ningekuja nikusikilize ukicheka, basi. Kicheko ndicho nilichokuwa nakitaka." Akajifuta pua kwa kofia. "Na mimi nilikuficha kitu. Ile picha ya kwenye boti ni kabla petroli haijanilipukia. Kila ukiniambia njoo, nilikuwa nafika mpaka stendi, naona watu wananiangalia, narudi. Nilisema ukiniona utaacha kuniandikia. Iliposemekana umekufa, nikasema sasa naweza kwenda. Hawezi kuniona."

Nililia. Nasema kweli, nililia, na nilipomgeukia Ambakisye alikuwa anafanya kitu na miwani yake. Tulimtazama Fransiska. Machozi yalikuwa yanachora mifereji kwenye vumbi la usoni mwake, na nilidhani sasa atapiga magoti kando yake.

"Nani bibi kizee?" akasema.

Kwa sauti yake mwenyewe. Ile inayofika kwenye mabanda ya nyanya.

Sasa fikiri wewe ni mtu wa Kabwe. Tangu utotoni umeambiwa mambo ya uchawi wa Sumbawanga, nayo yanasemwa nchi nzima. Umepiga goti kwenye kaburi la Sumbawanga, peke yako na watu usiowajua, na marehemu amekujibu. Cleophas hakugeuka hata kuangalia. Aliruka msalaba, akakatisha shamba la ulezi kwa mbio ambazo sikuzitegemea kwa mtu mwenye miguu mifupi, kofia huku, mfuko wa migebuka kule. Ambakisye akamfuata mbio na koti lake, anapiga kelele, "Ndugu! Simama! Ni makosa ya kiutaratibu! Ni mimi niliyekosea!" Maneno ambayo hayajawahi kumtuliza mtu yeyote.

Fransiska hakukimbia. Alivua kitambaa kichwani, akajifuta uso, akaita mara moja tu, "Cleophas! Pampu ya mafuta imepona?"

Akasimama. Kule mbali, katikati ya mabua, akasimama, amewapa mgongo watu wote. Kisha akageuka.

Alirudi polepole sana, Ambakisye pembeni yake akihema na kumweleza mambo ya ratiba ya mazishi, wala hakuwa anamsikiliza. Alipofika karibu, akasimama kiubavu kama kawaida yake. Akanyoosha mkono, akamgusa Fransiska kwenye kiganja cha mkono, kwa ncha za vidole, jinsi fundi anavyogusa injini kujua kama ilikuwa inafanya kazi sasa hivi. Akasubiri.

"Ana joto," akaniambia mimi.

"Geuka nikuone," Fransiska akasema.

Hakutaka. Ilichukua muda. Kisha akageuza ule upande wa kushoto, akaangalia chini. Fransiska akamtazama kwa makini, kuanzia sikio mpaka kidevuni, hakuruka mahali.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Wewe mtu," Fransiska akasema, na sauti ikamkatika katikati. "Muda wote huo mimi nilikuwa nadhani una mke!"

Cleophas akaanza kucheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kingine, mabega yakamtikisika, na ule uso wote, mzima na ulioungua, ukalowa. Mimi nikaenda kuokota migebuka. Tulirudi nyumbani kwa kijia kile chembamba, ambacho ni cha mtu mmoja mmoja, lakini wao walipita wawili, mmoja juu ya majani, kwa kuwa Cleophas alikuwa bado hajauachia ule mkono.